Mshale Ulikuwa Katikati

Jambo la kwanza nililofanya gari lilipochemsha Kitonga ni kumpigia Mama simu. Sikuwa nimeshuka hata kwenye kabini. Mvuke ulikuwa unapenya chini ya kiti, unanuka kutu na mpira wa moto, kaka anapiga honi ili lori la nyuma lisitukaribie, na mimi nimeshika simu.

"Kaka amechemsha," nikamwambia Mama. "Hakuwa anaangalia geji. Anapiga stori tu."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe Mjomba alisema kweli." Mtandao ukakata hapohapo.

Kwa Kiswahili chetu gari huchemsha kama sufuria, na mtu naye huchemsha akiharibu jambo. Sentensi yangu ilikuwa na maana zote mbili, na zote mbili zilifika Makambako kabla yetu.

Gari lenyewe ni Canter la mwaka 1996, injini 4D33, silinda nne, lita 4.2 za dizeli. Baba alilinunua mkononi kwa mtu mwaka 2009, rangi ya bluu ambayo sasa ni ya kijivu. Ada yangu yote tangu kidato cha kwanza imepita kwenye bodi la gari hilo, ikiwa imefungwa kwenye magunia ya viazi. Viazi vinatoka Njombe vinakwenda Dar es Salaam. Kurudi gari linabeba chochote kinachopatikana: sabuni, mabati, saruji. Baba aliacha kuendesha sukari ilipomchukua macho. Kaka akashika usukani mwaka 2020, na kuanzia hapo kila ubovu uliotokea ulikuwa wa kaka. Betri ikifa, kaka. Springi ikivunjika, kaka hajui kupunguza mwendo kwenye matuta. Mjomba, ambaye aliweka fedha kidogo kwenye ununuzi na hajaacha kutukumbusha, alitaka gari apewe dereva wa kuajiriwa. Mimi nilitaka liuzwe kabisa. Kikao cha familia kilikuwa Jumamosi, mimi niko likizo ya katikati ya muhula, nauli sina, ndiyo maana nilikuwa kwenye hiyo Canter siku ya Jumatano, nikiwa nimekaa kati ya kaka na utingo tunayemwita Dogo.

Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina mchango wake kwenye aibu inayokuja.

Anayeijua barabara hiyo hahitaji kuelezwa. Ukitoka Mikumi unashuka hadi Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na mafungu ya vitunguu na joto la kukausha kope. Halafu mlima unaanza bila kuomba samahani, barabara imekatwa ubavuni, kulia ukuta wa mawe, kushoto hakuna kitu, na malori yenye mizigo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Baba alikuwa akisema Wachina walikuwa na akili, reli yao ya TAZARA waliizungusha Kilombero, wakapandia Mlimba hadi Makambako kwa kutoboa mahandaki, wakatuachia sisi Kitonga. Siku hiyo tulikuwa na mifuko 70 ya saruji. Kila mfuko kilo 50. Ni tani tatu na nusu, gia ya pili, saa saba mchana.

Kaka alilisogeza gari hadi mahali penye bega pana kidogo. Dogo akaruka na mawe, akayaweka nyuma ya matairi, akakimbia kukata matawi na kuyatandaza barabarani. Alipomaliza akaja na dumu la lita ishirini, kifuniko keshakifungua.

"Weka chini," kaka akasema.

"Braza, injini inaungua."

"Weka chini. Unataka kupasua hedi?"

Wakalaza kabini, kaka akaangalia bila kugusa, kisha akaenda kukaa juu ya jiwe. Akakaa dakika hamsini. Najua ni hamsini kwa sababu nilikuwa natazama saa kwa hasira. Nilidhani anakwepa kazi. Baadaye nilielewa: maji yaliyo ndani ya rejeta iliyofungwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Ukifungua kifuniko kubanwa kunaisha, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mara moja, yanakutoka usoni. Na ukimwaga maji baridi kwenye chuma kilichoungua, chuma kinasinyaa upande mmoja kabla ya mwingine, kinapasuka. Kaka hajawahi kunieleza hayo. Alikaa tu juu ya jiwe.

Nikamfuata. Nikamuuliza, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza huku ana jibu, kama alikuwa anaangalia geji ya joto.

"Mshale ulikuwa katikati," akasema. "Ulikaa katikati tangu Mikumi. Halafu ukashuka."

"Ukashuka?"

"Ukashuka. Nikajua ni upepo wa mlimani, injini inapoa."

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani. "Kaka, gari linachemka, mshale unashuka?"

Hakunijibu. Alichukua tambara, akalilowesha, akarudi kwenye gari. Akafungua kifuniko nusu, akasubiri mlio wa mvuke uishe, akafungua chote. Akawasha injini, akaanza kumwaga maji kidogo kidogo ikiwa inanguruma taratibu. Yaliingia zaidi ya lita kumi. Nikaona hiyo ndiyo hukumu yake: dereva gani anapanda Kitonga akiwa amepungukiwa lita kumi za maji?

Tulifika Ipogolo giza limeingia, tukiwa tumesimama mara nne njiani na kununua maji Ilula kutoka kwa mama aliyetuuzia kwa bei ya soda. Tulilala kwenye gari. Iringa usiku kuna baridi, na saruji haitoi joto.

Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Kaka alimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," mimi nikasema shikamoo, Dogo akasema mambo, akatazamwa. Nilitegemea afungue gari. Badala yake akavuta kigoda na kuanza kumuuliza kaka maswali, kama daktari anayejua kwamba mgonjwa akishavua shati atasahau alikuja na nini.

Inachemka ikiwa kwenye foleni, au ikiwa inapanda? Ikiwa inapanda, ikiwa tupu au na mzigo? Inachukua muda gani? Maji yanapungua hata siku isiyochemsha? Ukiyakuta yamepungua, chini pana tope au pakavu? Asubuhi ukiwasha inatoa moshi mweupe? Huo moshi unaisha?

Kaka alijibu kila swali. Alijua. Alisema kwenye foleni ya Dar haichemki, hata saa nzima Kimara. Tupu haichemki. Tambarare na mzigo haichemki, ila mpira wa juu unakuwa wa moto sana na wa chini unabaki vuguvugu. Maji yanapungua kama nusu lita kwa safari, chini pakavu. Moshi mweupe asubuhi upo, unaisha dakika mbili. Nilimsikiliza nikashangaa anayajua hayo tangu lini, na kwa nini hakuwahi kusema. Halafu nikakumbuka vikao vya familia ambavyo nimewahi kukaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Alikuwa anaulizwa "kwa nini umeharibu", na hilo si swali.

Fundi alinieleza kwa sababu aliona naandika. Kama ingekuwa inachemka kwenye foleni na kupoa njiani, angetazama feni na mkanda wake, kwa kuwa gari likisimama hewa yote ya rejeta inaletwa na feni. Kama ingekuwa inachemka popote, dakika kumi baada ya kuwaka, angefikiria pampu ya maji. Inayochemka ikibeba mlima tu, hiyo inazalisha joto kuliko inavyoweza kulitoa. Kwa hesabu za jumla, theluthi moja tu ya nguvu ya dizeli inageuka kuwa kazi. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayobaki inabidi ibebwe na maji. Tambarare, mfumo uliochoka unaweza kubeba. Kitonga haukopeshi.

"Lakini kwanza tujue kama hedi nzima," akasema.

Hapo ndipo tumbo langu liliponibana. Hedi ikipinda, au gasketi yake ikiungua, moto wa silinda unavuja hadi kwenye njia za maji. Inabidi ifunguliwe yote, ipelekwe kwa mchongaji isawazishwe, inunuliwe gasketi mpya. Fundi alitaja laki saba mpaka tisa, kutegemea atakachokikuta. Kwenye simu yangu kulikuwa na laki nane na nusu. Ilikuwa ada ya muhula, nusu yake mkopo wa kikundi cha Mama.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha, ya baridi kabisa. Fundi akaikagua fimbo ya oili: nyeusi. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yangekuwa yameingia. Akafunga kifuniko cha rejeta, akamwambia kaka awashe, akaushika mpira wa juu. Maji ya baridi hayana sababu ya kuufanya mpira uwe mgumu dakika ya kwanza. Ukiwa mgumu, si mvuke huo, ni moshi wa silinda umepita. Akaubinya. Akanichukua mkono akauweka pale. Ulikuwa laini kama shavu. Wakazima, akafungua kifuniko, akajaza maji mpaka mdomoni, akasema washa tena.

Mapovu yakaja.

Yalikuja makubwa, moja, mbili, tatu. Nikayahesabu kwa sauti bila kujua. Fundi hakusema kitu. Kaka kutoka kwenye usukani akapaza sauti, "Yapo?" na hakuna aliyemjibu. Nilifika kumi na saba. Baada ya kumi na saba yakawa madogo, yakaja kwa kusuasua, kisha uso wa maji ukatulia, ukawa unatetemeka tu na mngurumo wa injini. Fundi akasubiri dakika tano nzima.

"Hewa iliyobaki jana," akasema. "Hedi nzima. Mshukuru dereva wako, maji ya baridi yangemwagwa pale Kitonga tungekuwa tunaongea mengine."

Dogo alijifanya anatafuta spana.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mfululizo. Kifuniko cha rejeta: mpira wa ndani ulikuwa umepasuka kama kisigino chenye magaga. Juu yake pameandikwa 0.9. Hicho ndicho kipimo cha shinikizo, karibu mara moja ya lile la hewa ya usawa wa bahari, na kifuniko kizima kinayafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Kikiwa kimechoka unabaki na maji ya kawaida, tena ya milimani. Ipogolo, mita elfu moja na mia kadhaa juu ya bahari, maji ya chai yanachemka kabla ya kufika nyuzi 96. Kifuniko cha shilingi elfu kumi na mbili kilikuwa kimetunyang'anya zaidi ya nyuzi ishirini. Hiyo ndiyo nusu lita ya kila safari pia, ilikuwa inatoka kama mvuke bila kuacha tone chini.

Rejeta ikashushwa. Nje, kati ya mapezi, palikuwa na mbegu za majani, panzi na vumbi lililoshindiliwa na mvua. Jirani na gereji kulikuwa na kijana anayefanya rejeta tu. Akayeyusha risasi kwa moto, akakifungua kile chombo cha juu cha shaba, mirija ikaonekana kama sega la nyuki lililobanwa. Akachukua bapa jembamba la chuma na kuanza kulipitisha mmoja mmoja. Nikamwomba nihesabu. Mirija 120. Iliyopitisha chuma bila kupingana ilikuwa 52. Mingine ilitoa tope gumu jekundu na magamba meupe, na michache haikufunguka kabisa. Tope lile nililijua rangi yake. Ni la vijito tulivyokuwa tunatekea maji na Baba nilipokuwa mdogo, mimi nimeshika kidumu, naona fahari kwamba gari linakunywa kama ng'ombe.

Kisha Fundi akafungua nyumba ya themostati, mbele ya hedi, na ndani hapakuwa na kitu.

Akamtazama kaka. "Nani alitoa?"

"Tulilikuta hivyo," kaka akasema, akiangalia viatu vyake.

Kutoa themostati ni dawa ya barabara nzima hii. Gari likichemsha, mtu anaing'oa na kuitupa, kwa mawazo kwamba ni mlango unaozuia maji, na mlango ukiondoka maji yatapita zaidi. Ni mlango kweli. Injini ikiwa ya baridi unabaki umefungwa ili ipate joto upesi, ikifika kiasi chake unafunguka, maji yanakwenda kupozwa. Lakini themostati nyingi za injini hizi zina vali mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kuiona rejeta. Kwa hiyo Makambako asubuhi, kwenye baridi, injini haipati joto na inakula dizeli. Kitonga mchana, inachemka. Dawa ileile inatoa magonjwa mawili.

Kilichobaki ni geji. Mimi ndiye niliyeitaja. Nilisema, mbele ya watu wote, kwamba tuangalie na geji, maana dereva anasema mshale ulishuka.

Fundi akaenda kwa mama ntilie kuomba sufuria. Mama ntilie akakataa, hawezi kuwekewa vyuma kwenye sufuria ya chai. Ikabidi aongezewe elfu mbili na apewe ahadi. Maji yakachemka. Fundi akatumbukiza kwanza themostati mpya, ikiwa imening'inizwa kwa uzi uliobanwa kwenye vali yake. Ilipofunguka ikauachia uzi na kuzama. Nzima, akasema, maana hata mpya zipo zinazokuja zimekufa. Kisha akafungua sensa ya joto kutoka kwenye hedi.

Sensa. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa, ile ya kuhesabu watu, na neno hilo bado linanifanya nione kishikwambi na kizibao. Hii ya Fundi ilikuwa kipande cha shaba ukubwa wa kidole gumba. Akakiunganisha na waya wake, akavuta waya mwingine wa kurudishia umeme kwenye bodi, akamwambia kaka afungulie swichi, akakizamisha kwenye maji yanayochemka.

Mshale ukapanda. Tulikuwa tumeinamia dashibodi watu wanne. Ukavuka katikati, ukaenda mpaka karibu na alama nyekundu, ukasimama.

Geji ilikuwa nzima.

Sitasahau jinsi kaka alivyoutazama ule mshale. Kama geji ni nzima, basi ama hakuitazama, ama alidanganya. Nilijua anajua kwamba nawaza hivyo. Sikusema neno, na kwa kweli sikuhitaji, nilikuwa nimeshalisema kwa simu.

"Sasa angalieni," Fundi akasema. Akaitoa sensa kwenye maji, akaishika juu ya sufuria, kwenye mvuke na hewa. Kwa sekunde kadhaa mshale haukufanya kitu. Kisha ukaanza kushuka. Ukashuka taratibu mpaka katikati, ukapita katikati, ukaendelea kushuka.

"Hii haijui injini," akasema. "Inajua maji yanayoigusa. Maji yakipungua mpaka chini yake, inabaki hewani, inakwambia kumepoa. Gari linaungua, yenyewe inakwambia kumepoa. Wengi wameua injini hivyo, wanaume wazima, wanaapa mshale ulikuwa chini."

Nikiwa karani nilifundishwa, na nikawafundisha wengine, kwamba nyumba iliyofungwa haiandikwi sifuri. Unabisha hodi, hakuna anayejibu, unarudi jioni, unarudi kesho, unauliza jirani. Unaloweza kusema ni kwamba hujapata jibu. Huwezi kusema hakuna watu. Chuoni nimekaa muhula mzima nikisoma namna jibu lililokosekana linavyopotosha hesabu, hasa pale linapokosekana kwa sababu ya kile hasa unachokipima. Nilipata alama nzuri. Na pale Kitonga mtu alinipa taarifa kamili, katika mpangilio wake, mshale katikati kisha chini, nikacheka kwa pua.

Kaka hakusema "umeona". Aliuliza kama sufuria inaweza kurudishwa.

Gharama yote ilikuja laki tatu na themanini na tano: rejeta, kifuniko, themostati, mipira miwili, mkanda wa feni uliokuwa umeanza kuchanika, na kulanti. Kaka alitaka kuweka maji. Nikasema kulanti, nalipa mimi. Haisaidii joto tu, ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na nilikuwa nimeshaona mirija 68 isiyokuwa na dawa hiyo. Nililipa kutoka kwenye ada. Muhula ule nililipa chuoni kwa awamu, na awamu ya mwisho nilichelewa. Ni habari nyingine na haipendezi.

Jioni, tukila ugali na maharage kwa mama ntilie yuleyule, nilimuuliza kaka kuhusu themostati. Tulilikuta hivyo, kivipi? Gari tumelinunua lini?

Alitafuna muda mrefu. "Baba aliitoa. Mwaka 2014, Mikumi. Nilikuwa utingo wake. Nilimshikia tochi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme wapi?"

"Kwenye kikao. Wanakusema wewe kila siku."

"Niseme Baba ndiye aliyeharibu gari? Na vile haoni?" Akasukuma sahani. "Acha tu waseme."

Nikatoka nje nikampigia Mama. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kuanza na geji, na hewa, na sensa, lakini Mama akaniuliza tu, "Mmekula?" na nikajikuta nasema, Mama, ile niliyokwambia jana kuhusu kaka haikuwa kweli. Akasema sawa. Nikasema hapana, naomba umwambie na Mjomba. Akasema, "Si utamwambia mwenyewe Jumamosi?" Alikuwa na haki. Neno nililipeleka mimi.

Tulifika nyumbani Ijumaa usiku. Saruji iliteremshwa, na Jumamosi asubuhi, kabla Mjomba hajafika, Baba aliomba apelekwe kwenye gari. Haoni vizuri, anaona vivuli na mwanga, lakini hataki kushikwa mkono. Anatembea akigusa ukuta, kisha bodi, kisha tairi. Kaka alikuwa amelaza kabini. Injini ilikuwa ya baridi, na Makambako mwezi ule kulikuwa na umande mpaka saa tatu.

"Mmekuta nini?" Baba akauliza.

"Rejeta ilikuwa imeziba," kaka akasema. "Na kifuniko. Themostati nayo ilikuwa imechoka, tumeweka mpya."

Baba akageuza uso upande wake. "Ilikuwa imechoka?"

"Ndiyo, Baba."

"Haikuwepo," Baba akasema. "Niliitoa mimi. Ulinimulikia." Akanyamaza, akapapasa mpaka akapata mpira wa juu. "Nilimwambia mama yenu tangu zamani. Hakuna aliyeniuliza."

Hakuna aliyepata la kusema. Nilikuwa nimesimama na kikombe chake cha chai, kinapoa.

"Washa," akasema.

Kaka akapanda ubavuni na kuwasha. Baba akabaki ameinama, kiganja chake chote kimezunguka mpira, kichwa kimeelekea pembeni kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Dakika zikapita. Aliniambia niguse. Mpira ulikuwa wa baridi bado, injini iliyo kando yake imeshapata moto. Nilitaka kuondoa mkono, akaubana chini ya wake. Tukakaa hivyo. Huko getini nikasikia pikipiki ya Mjomba inasimama, Mama anamkaribisha.

Joto lilikuja ghafla, kama maji ya bomba.

"Imefungua," Baba akasema.